Hesabuni milango ya barabara zetu

Barua ya wazi kwa wasimamizi wa barabara, maafisa mipangomiji na watoa vibali vya ujenzi, Dar es Salaam

Waheshimiwa,

Shikamooni mlio wakubwa kwangu. Na nyie wengine, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Gari langu mmeshaliona, au mmeshalipigia honi: dogo, jeupe, lina herufi L mbele na nyuma, na huwa linajikokota njia ya kushoto siku ambazo nyie mnachelewa kikao. Nimekaa kwenye kiti cha pembeni, mguu juu ya breki ya pili, kwa miaka 17.

Mwaka jana nilikuwa na mwanafunzi, mama mtu mzima aliyeamua kujifunza gari baada ya kustaafu. Tulikuwa Barabara ya Bagamoyo, tumetoka Mwenge tunaelekea Tegeta. Mbele yetu Noah nyeusi ikawasha taa ya kushoto. Mama akaniuliza, "Mwalimu, huyu anakwenda wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu, jibu likakosekana. Upande wa kushoto mbele yetu kulikuwa na mdomo wa sheli. Baada ya huo, mdomo wa pili wa sheli hiyohiyo. Halafu kituo cha daladala. Halafu safu ya fremu zisizo na ukingo wowote kati yake na lami, halafu mtaa, halafu geti la yadi ya magari. Ile Noah ingeweza kuwa inakwenda popote kati ya hapo, na taa yake ni ileile moja. "Punguza mwendo, mama," nikamwambia, "tutamwona." Baadaye usiku nililifikiria jibu langu. Nimekula ada ya watu miaka 17 kufundisha alama na taa, na siku nilipoulizwa maana ya taa nilisema tutaona.

Nawaandikia kuhusu milango. Kwa neno hilo nakusudia kila mahali gari linapoweza kuchepuka kutoka barabara kuu likaingia kiwanjani, au kutoka kiwanjani likarudi barabarani: geti la nyumba, mdomo wa sheli, sakafu ya mbele ya fremu, njia ya kwenda godauni, kipande cha zege kilichomwagwa juu ya mtaro usiku wa Jumamosi. Mnajua bei ya kila kilomita ya lami. Mnajua idadi ya nguzo za taa. Ombi langu, na kama hamna muda wa kusoma zaidi basi bakini nalo hili, ni kwamba mjue na idadi ya milango.

Nilijaribu kuhesabu mwenyewe. Jumapili moja asubuhi, barabara ikiwa nyepesi, nilichukua daftari nikatembea kilomita moja, upande mmoja tu, kwenye barabara mojawapo inayoingia mjini. Sitaitaja kwa sababu ina ndugu zake wengi. Kilichonishinda hakikuwa wingi. Geti la nyumba ni mlango mmoja, sawa. Sheli ina midomo miwili, andika miwili. Lakini fremu zimepangwa mstari, mbele yake sakafu tupu mpaka kwenye lami, gari linaingilia popote na kutokea popote: huo ni mlango mmoja au ni kumi? Niliandika "mlango mrefu" nikaendelea. Nilipofunga daftari, "mlango mrefu" ilikuwa imejaa kurasa na "geti" ilikuwa ya kutafuta.

Wahandisi wenu wanalijua hili kuliko mimi, ila barua ni ya wazi, tuwafikirie na wasomaji wengine. Mlango mmoja wa kawaida ukikutana na barabara ya kwenda na kurudi unafanya umbo la T, na ndani ya umbo hilo kuna sehemu 9 ambazo njia za magari mawili zinakatana, zinaungana au zinaachana. Njia panda ya pande nne ina sehemu 32. Sasa weka ukingo wa katikati usiovukika, ili mlango uleule ubaki wa kuingia kwa kushoto na kutoka kwa kushoto tu. Zile sehemu 9 zinabaki 2: pale gari linapoachana na wenzake na pale linapojiunga nao tena. Hakuna trafiki aliyeongezwa wala semina iliyofanyika.

Wamarekani wamelihesabu jambo hili kwa miaka mingi; jimbo la Colorado lina kanuni zake za milango tangu miaka ya 1980. Utafiti wao mkubwa uliochapishwa 1999, ripoti namba 420 ya programu ya taifa ya utafiti wa barabara kuu, ulikuta kwamba kila mlango unaoongezwa ndani ya maili moja unapandisha kiwango cha ajali kwa karibu asilimia 4, na kwamba barabara yenye milango 60 kwa maili ina kiwango cha ajali mara tatu ya yenye 10. Milango 60 kwa maili, ukijumlisha pande zote mbili, ni wastani wa mmoja kila mita 27. Piteni Shekilango na futi mkononi, halafu tuzungumze. Tena zile ni barabara za watu wasio na bajaji, na muuza matunda hasukumi mkokoteni wake kando ya lami. Takwimu zao sizibebi kama zilivyo kuzileta Sinza, lakini sioni sababu ya kwetu kuwa nafuu.

Tuje kwenye mwendo. Ndani ya mji sheria inasema 50. Kwa mwendo huo gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Anayeingia getini hawezi kuingia na 50. Anashuka mpaka 10 au chini ya hapo, na anashukia kwenye njia yenu nyote, kwa sababu hajapewa pa kupunguzia mwendo pembeni. Kwetu Dar anashuka zaidi, na mchawi ni kidaraja. Mnavijua vile vidaraja vya juu ya mtaro. Mwenye kiwanja humwaga zege mwenyewe, na kwa kuwa anaogopa maji yasimwingilie, anakipandisha. Kinakuwa na kimo cha tuta. Basi gari linafika, linasimama karibu kabisa, linainua pua taratibu, na hapo mlinzi hajafungua geti. Pua ipo kwa mwenye nyumba, mkia upo barabara kuu. Aliye nyuma anafunga breki, wa nyuma yake anachomekea kulia bila kuangalia kioo, na huko kulia kuna anayekuja na haki zake zote. Ikitokea ajali itaitwa uzembe wa dereva. Kidaraja hakiandikishwi popote.

(Chini ya kidaraja hichohicho kuna bomba jembamba alilonunua kwa bei nafuu. Masika ya kwanza linaziba taka, maji yanapanda barabarani, lami inabanduka, na mwaka unaofuata tunakwepa shimo palepale penye mlango. Lakini hilo la mitaro ni barua nyingine.)

Kugeuka kulia ndiko kunakoua, nami nina ushahidi wangu mwenyewe ambao sijivunii. Miaka mitano iliyopita nilikuwa peke yangu, naelekea duka la vifaa vya ujenzi lililoko upande wa pili wa barabara ya njia nne. Nikasimama katikati, taa ya kulia inawaka, nasubiri. Lori lililokuwa likija likasimama, dereva akanipungia mkono: pita, mzee. Utu wa Kitanzania huo, na mimi nikapita. Kwenye njia ya pili, iliyofichwa na ubavu wa lori, ilikuwa inakuja bodaboda. Kijana alivunjika mguu. Kosa lilikuwa langu, nililikubali na nililipa, na kwa miezi mitatu nilikuwa nikienda kumwona mpaka mama yake akaanza kuniita baba.

Tangu siku ile kila mwanafunzi wangu anaondoka na sentensi hii: aliyekupisha amekupisha njia yake, ya jirani yake si ya kugawa. Lakini siku niliyorudi pale kuokota kioo cha gari, mlinzi wa lile duka alinionyesha kona ya ukuta. Kulikuwa na lundo dogo la vipande vya taa za magari, vyekundu na vya rangi ya chungwa, alivyokuwa akivifagia kila mara. "Mzee, wewe si wa kwanza," akaniambia. Tuchukue kwamba sote tulikuwa wazembe, mmoja baada ya mwingine, mahali palepale.

Wenye kutembea kwa miguu mnawasahau zaidi, na hapa sitalaumu bodaboda kama ilivyo desturi. Sisi tunaendesha kushoto. Dereva anayetoka getini ili aende kushoto anakodolea macho kulia, maana ndiko magari yanakotoka. Shingo yake haigeuki mpaka apate mwanya, na akiupata anaondoka kwa pupa. Mtoto wa shule anayetokea upande wa kushoto, juu ya njia ya miguu ambayo ni haki yake, hayumo kwenye macho ya mtu huyo. Mara mbili nimefunga breki yangu ya pili kwa sababu hiyo, na mara zote mbili mwanafunzi alishangaa: "Mwalimu, si kuko wazi?" Kulia kulikuwa wazi. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani duniani ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Kila mlango unaokatiza njia ya miguu ni barabara nyingine ya kuvuka, isiyo na zebra, na ukiufanya mpana ili magari yaingie vizuri unamwongezea yule mtoto hatua za kuvuka. Kwa hiyo kupanua midomo si dawa. Kuipunguza ndiyo dawa.

Sheli za kwenye kona zina hadithi yake. Mdomo mmoja barabara hii, wa pili barabara ile, na taa za kuongozea magari zipo hatua chache tu. Taa ikiwa kijani, wa mbele anasimama kuingia sheli na foleni inarudi mpaka katikati ya njia panda. Taa ikiwa nyekundu, wajanja wanakatiza kwenye pampu kama wanaweka mafuta wakatokea upande wa pili. Nimemwona mwenye gari la serikali akifanya hivyo. Namba nimeisahau kwa makusudi.

Sasa milango hii inazaliwaje? Niliwahi kumsindikiza ndugu yangu aliyetaka kujenga fremu kwenye kiwanja cha urithi. Ofisi ya kwanza ilitazama hati, ramani, idadi ya vyoo. Hakuna aliyeuliza magari ya wateja yataingilia wapi. Tulipouliza sisi, tukaambiwa barabara si yao. Ofisi ya pili ikatwambia kiwanja si chao. Tukarudi nyumbani, tukajenga, tukamwaga sakafu mpaka kwenye lami. Mimi mwenyewe nilichangia mifuko sita ya saruji, kwa hiyo mnaposoma hasira yangu jueni na mimi nimo ndani yake.

Kwa maneno mengine, barabara kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaa chini ya TARURA tangu 2017, na kibali cha jengo kinatoka halmashauri. Kiwanja kina meza yake na barabara ina meza yake. Mlango uko katikati, na katikati hapana meza. Hata pale ruhusa inapotolewa, inatolewa kwa nyumba ya mtu mmoja mwenye gari moja. Miaka kumi baadaye nyumba ni baa. Kisha ni ukumbi wa harusi wa magari mia kila Jumamosi. Mlango ni uleule, ruhusa ni ileile, na kipande cha lami kati ya geti na mtaro hakijaongezeka hata futi moja.

Niseme na hili, japo litawaudhi. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa pembezoni mwa barabara, na sababu mojawapo ilikuwa usalama. Sikupinga, meza juu ya njia ya miguu inamsukuma mtu barabarani. Lakini meza ya machinga haijawahi kulazimisha lori kusimama njia ya kushoto. Aliyefanya hivyo ana geti la chuma na mlinzi, na geti lake bado lipo. Kama hoja ni usalama, basi futi ya kupimia iwe moja.

Na msiniambie watu wa Dar hawazoei. Barabara ya Morogoro ilipowekewa njia za mwendokasi katikati, usafiri ulipoanza Mei 2016, kingo zile zilifuta ile tabia ya kukata kulia popote unapojisikia. Tulilalamika, mimi nikiwemo. Wateja wa upande wa pili walilazimika kwenda mpaka njia panda yenye taa. Leo namfundisha mwanafunzi pale kwa utulivu kuliko barabara nyingi za mji huu, kwa sababu najua pa kugeukia ni wapi, na hakuna atakayejitokeza katikati ya kipande.

Ubaya wake ninao pia, nisije nikaonekana mpiga debe wa kingo. Ukiziba katikati bila kuweka mahali pa kugeuzia karibu, bodaboda hatakwenda mbali kutafuta njia. Atarudi kinyume, kandokando, palepale ambapo yule dereva wa getini haangalii. Kila kipande mtakachokiziba kihesabiwe pamoja na pa kugeuzia, na mkono wa kugeuzia uwe mrefu wa kutosha magari kusimama bila mkia kubaki njia kuu. La sivyo mmeihamisha ajali tu.

Wafanyabiashara watakuja na kilio chao, na nusu yake ni haki. Mtu ana haki ya kuingia kwake. Huwezi kumfungia kiwanja kisicho na njia nyingine, na mji huu tuliujenga kwanza kisha tukautafutia ramani. Nyuma ya nyumba nyingi za barabarani pana uchochoro wa kupita watu wawili. Lakini haki ya kuingia kwako si haki ya kuingilia popote upendapo. Fremu kumi za jirani wawili zinaweza kuwa na maegesho yaliyoungana ndani, mdomo mmoja wa kuingia na mmoja wa kutoka, na sehemu iliyobaki ikawekewa ukingo mfupi wa zege na kupandwa miti. Mteja atapata pa kuegesha bila kijana wa "njoo, njoo, njoo, kata" kumrudisha rivasi katikati ya daladala. Ndugu yangu nimeshamwambia. Anasema atakubali jirani akikubali. Jirani anasema akilazimishwa atakubali. Walazimisheni, watashukuru.

Penye nafasi, jibu ni barabara ya huduma sambamba na barabara kuu, ili magari ya mtaani yaingie na kutoka huko na yakutane na barabara kuu mahali pachache palipopangwa. Mnaposema nafasi hakuna, mimi nakumbuka 2017, nyumba zilivyobomolewa kuanzia Kimara kwenda Kiluvya kwa sababu hifadhi ya Barabara ya Morogoro pale ni mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Watu walilipia nafasi ile kwa kuta zao. Kipande cha Kimara hadi Kibaha kimepanuliwa, na nilipopita mara ya mwisho, kandokando nilianza kuona vifusi vipya, sakafu mpya, vidaraja vipya. Njia nane ni nyingi. Lakini ile ya kushoto kabisa ikishageuka kuwa baraza ya fremu, mtakuwa mmenunua nane mkapata saba.

Ninachoomba kinawezekana bila mkopo wa nje. Anzeni na daftari la milango kwa barabara tano: Morogoro, Bagamoyo, Nyerere, Mandela na Kilwa. Kila mlango uandikwe ulipo, upana wake, wa nani, na una ruhusa ya lini na ya matumizi gani. Kibali cha jengo lolote linalotazama barabara hizo kisitoke mpaka msimamizi wa barabara ameweka saini kwenye mchoro wa mlango. Kiwanja chenye mtaa wa nyuma kiingilie nyuma. Matumizi yakibadilika, ruhusa ya mlango iombwe upya. Sheli ya kona ibaki na mdomo ulio mbali na taa, ule wa karibu uzibwe. Na trafiki anapochora ajali, mchoro uonyeshe mlango ulio karibu, ili baada ya mwaka mmoja lundo la yule mlinzi liwe kwenye makaratasi yenu, si kwenye kona ya ukuta wake.

Yule mama alifaulu mtihani mara ya kwanza. Ana gari lake sasa, na mpaka leo haendi Mwenge, anazunguka Goba. Nilimwuliza sababu, akasema kule angalau anajua magari yanatokea wapi.

Mwisho, daftari langu bado ninalo. Jumamosi yoyote asubuhi, afisa mmoja kutoka kila meza, tutembee kilomita moja mnayoitaka nyie. Vaeni viatu vya kufunga, mitaro ni mingi, na vile vidaraja vinateleza.

Wenu,

Mwalimu wa udereva
Kinondoni, Dar es Salaam